Mti wa uani ukikatwa, kwa nini uishie jikoni?

Mwaka jana tuliukata mwarobaini wa nyumbani kwetu. Nalitaja jambo hili kwa haya kidogo, kwa kuwa kwa miaka mingi nimewahimiza watu wapande miti na wasiikate. Lakini mti huo ulikuwa umesimama katika kiua cha nyumba yetu, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambako nyumba zimebanana bega kwa bega. Mizizi yake ilikuwa imepita chini ya ukuta wa jirani, na ukuta ukafanya ufa uliozidi kupanuka kila masika. Mwashi aliitwa, akautazama, akasema tuchague: ama mti ama ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo hulala watoto. Hatukuwa na la kuchagua.

Mti huo aliupanda marehemu nyanya yangu. Majani yake yalichemshwa tukafukizwa kila homa ilipotupata, na vijiti vyake vilikuwa miswaki yetu. Shinani palikuwa na msumari aliougongomea mwenyewe ili afunge kamba ya kuanikia nguo. Ulipoanguka, nilikaa barazani kama mtu anayepokea mkono wa tanzia.

Wakataji walipomaliza kazi, walisema kwamba mti wenyewe wangeuchukua uwe sehemu ya ujira wao, kama ilivyo desturi. Kuni zina wateja wengi mjini, hususan wapishi wa pilau za arusi. Matawi yalikuwa yamekwisha kupakiwa mkokotenini pale mjukuu wa dada yangu, msichana wa Gredi ya 7, aliponiuliza: "Babu, shuleni twaambiwa tupande miti. Huu mkubwa mbona mwauchoma?"

Sikuwa na jibu. Niliwaomba wakataji waniachie shina. Walicheka, wakaongeza bei yao, wakaniachia magogo manne. Makala haya ndiyo jibu nililomtafutia mtoto yule, na nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu naamini swali lake ni swali lao pia.

Nchi yetu imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa siku ya mapumziko ili kila mwananchi apande miche. Nia hiyo ni njema, na anayeibeza hajui thamani ya kivuli. Lakini hebu tujiulize: tumefundishwa jinsi ya kupanda, tumefundishwa jinsi ya kumwagilia, je, nani ametufundisha la kufanya mti unapofikia mwisho wake? Mti wa msituni huanguka ukaoza palepale, ukawa mbolea. Mti wa uani hauna bahati hiyo. Huo hukatwa kwa sababu ya ukuta, waya wa umeme, bomba la maji taka au ghorofa jipya, na saa chache baadaye umekwisha kuwa kuni na majivu. Miaka 60 ya kukua huteketea katika masufuria mawili ya pilau.

Kisiwa cha Mombasa kimejaa makumbusho ya miti ya namna hiyo, ila ni makumbusho ya majina tu. Tunapanda gari Mwembe Tayari, tunaelekezwa Mwembe Kuku, tunapita Mwembe Tanganyika. Majina yamebaki, miembe iliyoyazaa imekwenda. Ni nani awezaye kutuonyesha bakuli, mwiko au hata pia ya mtoto iliyotokana na mmoja wa miembe ile?

Wazee waliojenga mji huu hawakuwa wabadhirifu kiasi hicho. Mwanafunzi anayezuru Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, asikomee pale getini. Na aingie Ndia Kuu, ainue macho. Ataona roshani zenye nguzo ndogondogo za mti zilizopangwa kama meno. Ataona milango yenye mfaa uliochongwa. Akiingia ndani ya nyumba ya kale ataona boriti za mikoko darini, na akipima chumba atakuta ni chembamba, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 2 na nusu hadi 3. Mbao za kazi hizo zilitoka mbali na karibu: msaji uliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, mvule na mbambakofi zilitoka misituni, na mfenesi ulitoka shambani. Nyumba ilipobomoka, boriti nzima zilitolewa zikatumiwa kwingine. Mti ulikuwa mali, na mali haikutupwa.

Miongoni mwa kazi za mti za pwani, mojawapo imesahaulika kuliko nyingine, nayo ni kazi ya kukereza. Wanafunzi wasichanganye kuchonga na kukereza. Anayechonga hukiweka kitu kimetulia, na chombo ndicho kiendacho. Anayekereza huuzungusha mti wenyewe, na chombo akakishikilia palepale, hata ule mti ukajichonga ukawa mviringo. Mtambo wa kazi hiyo huitwa kerezo. Miguu ya vitanda vya samadari ilikerezwa. Nguzo za roshani na za ngazi zilikerezwa. Pia za watoto, ambazo leo zimekuwa za plastiki, zilikerezwa.

Kerezo la kale halikuhitaji umeme. Mti ulishikwa baina ya ncha mbili za chuma, ukazungushiwa kamba ya uta, mfano wa uta wa keke ya kutobolea. Mkono mmoja ulisukuma na kuvuta uta, na mkono wa pili, ukisaidiwa na mguu, ulishika patasi. Kwa kuwa uta huenda na kurudi, mti nao ulizunguka mbele kisha nyuma. Mkereza alikata mti ulipomjia, akaiondoa patasi ulipomwacha. Hatimaye kitu kilisuguliwa kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, yenye kukwaruza kama tupa. Ndiyo maana hata karatasi tunayoinunua leo dukani kwa ajili ya kusugulia mbao tunaiita msasa. Lugha imehifadhi kazi ambayo mikono imeiacha.

Huenda msomaji akasema kwamba miti ya mafundi wale ilikuwa miti ya heshima, na kwamba mwarobaini wa uani haufai ila kwa kufukizia homa. Mwenye shaka hiyo na avuke Makupa aende Changamwe, kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoundwa mwaka wa 1963. Historia ya wachongaji hao yafaa kufundishwa. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kutoka kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na kutokana naye ufundi ukaenea hata ukawa riziki ya maelfu ya watu. Kwa miongo mingi walichonga mpingo na muhugu. Miti hiyo hukua polepole mno, na wanunuzi walikuwa wengi. Msitu ukashindwa kufuata kasi ya patasi.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea na wahifadhi wa mazingira waliwahimiza wachongaji waigeukie miti ipandwayo majumbani na mashambani: mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Wengi walisitasita, kwani mnunuzi alikuwa amezoea weusi wa mpingo. Lakini mwarobaini ulijitetea wenyewe. Mti huu ulioletwa kutoka Bara Hindi ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na kiini chake kina wekundu wa kupendeza. Hukua upesi, hukatika vizuri, na uchungu wake huwachukiza wadudu wengi. Katika miaka ya 2000, vinyago vya mwarobaini kutoka pwani yetu vilianza kuuzwa ng'ambo vikiwa na cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kwamba mti umevunwa bila kuhujumu msitu. Kumbe kile tulichokiita kuni, wenzetu walikwisha kukiita mali.

Hayo niliyajua. Niliyasoma, nikayafundisha. Lakini kujua kwa kitabu si kujua kwa mkono, na magogo yangu manne yalinifunza adabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyaacha magogo mawili makubwa juani. Nilidhani mti mbichi unahitaji kukaushwa, na kwamba hakuna mkaushaji ashindaye jua la Mombasa. Baada ya majuma mawili nilikuta yamepasuka kutoka ganda hadi moyoni, nyufa zikitawanyika kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Yale yalikuwa ndiyo magogo bora, yaliyotoka chini ya shina. Yaliishia pale nilipotaka yasiishie: jikoni.

Ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja ambaye ni mkereza wa kazi hii tangu ujanani. Simtaji jina kwa kuwa hakupenda kutajwa. Nilimwamkia, nikamweleza msiba wangu. Aliguna, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Samaki hukunjwa lini?" Nikamjibu kama kila mwanafunzi ajibuvyo: angali mbichi. Akasema, "Basi na mti ni vivyo hivyo. Kesho niletee hayo mawili yaliyosalia, na usilale nayo."

Kuyapeleka kwenyewe kulikuwa kazi. Vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari, na gogo bichi ni zito kuliko mtu alidhanivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Vijana wawili na mkokoteni mmoja ndio waliokuwa nyenzo zangu.

Alichonieleza mzee yule kwa maneno yake, nimekilinganisha na vitabu vya sayansi nikakuta havipingani. Maji yamo ndani ya mti mahali pawili: katika vitundu vilivyo kama mianzi myembamba, na ndani ya kuta za vitundu hivyo. Yale ya vitunduni hutoka kwanza, na yanapotoka mti hupungua uzito tu. Unyevu unaposhuka hadi kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, maji ya kutani nayo huanza kutoka, na hapo ndipo mti unapoanza kunywea. Tatizo ni kwamba haunywei sawasawa. Kwa urefu wake karibu haunywei kabisa. Kwa kufuata mzunguko wa shina hunywea takriban mara mbili kuliko unavyonywea kutoka ganda kwenda moyoni. Tena, ncha za gogo hupoteza maji upesi mno kuliko ubavu wake. Basi gogo zima lililoachwa juani huvutwa huku na huku, na lisipopata pa kujilegeza hupasuka.

Dawa yake si ngumu. Gogo hupasuliwa katikati, msumeno ukapita moyoni mwa mti, kwa kuwa moyo ndio chanzo cha nyufa. Ncha hupakwa nta au rangi nzito ya mafuta ili maji yasitoroke kwa upande huo. Kisha huwekwa kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite chini yake. Atakaye mbao na asubiri: kanuni ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Lakini mkereza anayo njia ya mkato. Yeye hulikereza bakuli mti ungali mbichi, akaliacha nene, ukuta wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bakuli la sentimita 30 huachiwa ukuta wa sentimita 3. Likiisha kukauka na kupinda, hurudishwa kwenye kerezo likanyoshwa na kumalizwa.

Kabla ya kupasua, mzee alilichunguza gogo kwa macho, kisha kwa sumaku. Nilimwuliza atafutacho. "Misumari," alinijibu. "Mti wa uani ni mti wa watu. Haukosi msumari." Alinieleza kwamba wenye mashine kubwa za kupasulia mbao huikataa miti ya majumbani kwa sababu hiyo hasa: msumari mmoja waweza kuuvunja msumeno, na kipande kikamrukia mtu. Palipo na chuma, mti hufanya doa la buluu iliyokolea au nyeusi, na mwenye kulijua doa hilo huonywa mapema. Alilikuta doa, akatoboa, akautoa msumari uliokuwa umemezwa na mti kina cha vidole vitatu. Nilipoushika kiganjani niliutambua. Ulikuwa ule wa kamba ya nguo ya nyanya.

Kerezo la mzee siku hizi huendeshwa kwa mota. Kwanza kipande kilizunguka kikigotagota kwa kutokuwa sawa. Bobari ilipokipitia, sauti ikabadilika ikawa ya mfululizo, na maranda mabichi yakaanza kutoka kama tepe ndefu, yakiturushia majimaji usoni. Chumba kizima kilinuka uchungu wa mwarobaini. Nilikumbuka mafusho ya utotoni. Kwa muda wa saa moja hivi, gogo lililokuwa la kuni likawa bakuli. Mzee alilifukia ndani ya maranda yake yenyewe, katika gunia, akaniambia nilipime uzito kila Ijumaa na nisilikaribishe jua.

Kazi hiyo nilimkabidhi mwenye swali. Mjukuu wa dada yangu alilipeleka bakuli kwenye mizani ya duka la jirani kila juma, akaandika hesabu daftarini. Lilianza na kilo 2 na gramu 400. Mwezi wa kwanza lilipungua kwa kasi, kisha likapunguza mwendo. Mwezi wa tano liligota kwenye kilo 1 na gramu 800, wala halikushuka tena. Mtoto alilipima kipenyo chake: kwa kufuata nyuzi za mti lilikuwa karibu sentimita 30 kama mwanzo, kwa kukingama nyuzi lilikuwa 28 na nusu. Gramu 600 za maji, na sentimita moja na nusu ya kunywea! Somo hilo la sayansi hakulisahau, kwa sababu halikuandikwa ubaoni.

Walimu wenzangu, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 ulikuja na ahadi kubwa ya masomo ya mikono. Wazazi walichangishwa kujenga karakana. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, na mahali pengi karakana zikageuka ghala za madawati mabovu. Sasa Mtaala wa Umilisi umeyarejesha masomo ya kiufundi, na tangu mwaka wa 2023 yanafundishwa katika kiwango cha Sekondari Msingi. Walimu hulalamika, na wana haki, kwamba vifaa havitoshi na kwamba mbao ni ghali. Tangu Februari 2018, serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma, hadi ilipotangaza kuliondoa zuio hilo Julai 2023, bei ya mbao ilikuwa mzigo kwa kila fundi. Ilhali miaka yote hiyo, miarobaini, mikungu, mikwaju na miembe ya viwanjani mwetu, mingine ikiwa ndani ya ua wa shule zenyewe, ilikatwa ikapakiwa mikokotenini.

Najua yapo mapingamizi, na si haki kuyapita.

La kwanza ni kwamba, tukiupa mti uliokatwa thamani, tutawachochea watu waukate ule uliosimama. Hoja hii ni nzito. Jibu langu ni kwamba thamani ya mti uliosimama haina budi kuwekwa mbele daima, na sheria ifuatwe: mwenye kukata apate idhini ya kaunti, na mwenye kusafirisha mbao apate kibali cha Huduma ya Misitu. Hakuna anayekata mti wa kivuli ili apate bakuli moja. Miti ya uani hukatwa kwa sababu nyingine, nasi huikuta imekwisha kulala chini. Ninachokizungumzia ni maiti aliyekwisha kufa, si mgonjwa anayeweza kupona. Fauka ya hayo, mtu aliyeona kazi inayohitajika kuubadilisha mti kuwa chombo hujifunza kuuheshimu ule uliosimama.

La pili ni kwamba bakuli la mti ni ghali, na la plastiki ni rahisi. Ni kweli. Mkereza hawezi kushindana na kiwanda kwa bei. Lakini si kila kitu kinahitaji kuwa bakuli kubwa. Vipande vidogo hutoa mpini wa patasi, mchi, pia, kete za bao, mguu wa kiti uliovunjika. Nyumba za Mji wa Kale zinazofanyiwa ukarabati zinahitaji nguzo za roshani, na hakuna kiwanda kinachozitengeneza kwa mfano wa zile za kale. Kazi ipo kwa mwenye ufundi.

La tatu ndilo linaloniumiza. Ni kwamba ufundi wenyewe unakwisha. Mzee niliyemtaja mikono yake imeanza kutetemeka. Watoto wake wana kazi nyingine, na hawakufanya kosa. Alinionyesha kerezo lake akaniambia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuuliza bei yake, kwa kilo. Nilimwuliza kama hajapata kumfundisha mtu. Akasema, "Hapana aliyeniomba." Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Sisi walimu tunamwalika daktari shuleni aje awape wanafunzi nasaha; tunamwalika wakili, tunamwalika mbunge. Ni lini tulimwalika mkereza?

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache, ambayo shule yaweza kuyaanza bila ya kungoja fungu la serikali. Kwanza, kila shule iorodheshe miti yake, majina na umri wake kwa kukisia, na mti usikatwe kabla ya fundi kuitwa auone. Pili, mti ukikatwa, magogo yapasuliwe na kupakwa ncha siku ileile, yaandikwe tarehe na aina, yahifadhiwe kivulini. Tatu, wanafunzi wayapime uzito na vipimo kila juma. Mwalimu wa sayansi atapata somo la maji, wa hisabati atapata kipenyo, mzingo na asilimia, wa historia atapata roshani na milango. Wa Kiswahili naye atapata hazina ya msamiati: bobari, juba, tezo, randa, bikari, kerezo. Ni maneno ambayo wanafunzi wetu huyakuta kwenye mitihani bila ya kupata kuviona vitu vyenyewe. Nne, fundi mzee alipwe aje afundishe, hata kama ni mara moja kwa muhula. Makavazi ya Taifa yalikwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana, kwa kuwafundisha vijana useremala na ufundi mwingine wa jadi katika Kituo cha Utamaduni wa Waswahili hapa Mombasa.

Na tahadhari zisisahauliwe. Unga wa mbao hudhuru mapafu, kwa hiyo pua na mdomo zifunikwe. Macho yakingwe. Hakuna kukaribia kerezo linalozunguka kwa mikono mirefu ya kanzu, ncha ya buibui, tai ya shule au nywele zisizofungwa.

Bakuli letu lilirudishwa kwa mzee likamalizwa. Limepata wekundu wa kahawia, na karibu na ukingo wake lipo doa jeusi, mahali ulipokaa msumari wa nyanya. Mzee alitaka kuliondoa kwa kulipunguza bakuli, nilimsihi aliache. Dada yangu alipoliona alilipitisha kidole juu yake, asiseme neno. Gogo la mwisho bado lipo kivulini, ncha zake zimepakwa rangi, na jina la mti pamoja na tarehe vimeandikwa kwa mkono wa mtoto.

Mtoto huyo sasa huenda kwa mzee kila Jumamosi asubuhi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa pia, nayo iliyumba ikaanguka. Ya pili ilisimama muda wa kuhesabu hadi thelathini. Mzee amewaambia wanunuzi wa vyuma chakavu wasirudi kwanza.

Tuendelee kupanda. Uani kwetu tumepanda mdimu ndani ya pipa, mbali na ukuta. Lakini tukumbuke kwamba kumtunza mtu si kumlea utotoni tu. Ni pamoja na kumsitiri anapofariki. Mti nao una haki hiyo. Kabla hujaliita shoka la kuni, muite fundi. Na kama humjui fundi yeyote mtaani mwako, basi jiulize ni nani aliyepaswa kumwomba amfundishe.